Kuharisha na kutetemeka baada ya baipasi: mimi nilianza na saa

Dada, umeuliza kama ni kawaida, miaka miwili baada ya baipasi ya tumbo, yaani ule upasuaji wa kupunguza uzito unaoacha kifuko kidogo cha tumbo kilichoungwa na utumbo, kuendelea kukimbilia choo kila ukila na kutetemeka alasiri bila sababu. Ukaongeza kwamba nyumbani wanakwambia umejitakia. Hilo la nyumbani naliacha, maana nikilianza sitalimaliza. Nijibu la tumbo. Mimi niko mwaka wa saba tangu nipasuliwe, upasuaji wa aina hiyo hiyo yako.

Kosa langu lilikuwa kuyaita yote "tumbo". Naingia kwa daktari, nasema tumbo linanisumbua, naandikiwa dawa ya kupunguza asidi, narudi nyumbani. Mwaka mzima ulikwenda hivyo. Siku moja muuguzi wa kliniki akaniuliza, "Huwa inakuanza dakika ngapi baada ya kula?" Nikabaki namtazama, sina jibu. Akaniambia nitafute daftari niandike vitu vitatu tu: nimekula nini, saa ngapi, na nimeanza kujisikia vibaya saa ngapi.

Wiki mbili hazikuisha, nikaona nina matatizo mawili, siyo moja.

La kwanza lilikuja ndani ya nusu saa. Kuna asubuhi nilikunywa glasi ya juisi harakaharaka nikiwa nimesimama. Robo saa baadaye niko chini bafuni, shavu nimeliweka kwenye vigae kwa ajili ya ubaridi wake, jasho linanitoka, moyo unadunda hadi nausikia masikioni. Kisha kuharisha, kisha usingizi mzito kama niliyenyweshwa dawa. Madaktari wanaiita dampingi ya mapema. Kifuko tulichoachiwa kilipotengenezwa kilikuwa cha mililita 30 hivi, na chakula chetu hakipiti tena kwenye ule msuli wa mlango wa tumbo uliokuwa unakiachia kidogo kidogo. Kitu kitamu kinatua kwenye utumbo mwembamba kwa mkupuo, utumbo unavuta maji kutoka kwenye damu ili ukizimue, presha inashuka, moyo unakimbia. Ukijua hivyo hofu inapungua. Mimi sasa ikinipata najilaza tu, nasubiri ipite.

La pili huja saa moja hadi tatu baada ya kula, na ndilo lililonitisha zaidi. Nilikuwa nasaini karatasi kazini, nikakwama katikati ya jina langu mwenyewe. Mkono unatetemeka, midomo imekufa ganzi. Mwenzangu alidhani nimelewa. Kupimwa sukari kidoleni: 2.6 mmol/L, iko chini mno. Kumbe sukari ya chakula ikiingia kwa kasi, kongosho nalo linamwaga insulini kupita kiasi, halafu sukari inaporomoka. Na hapa nilijichimbia shimo mwenyewe: nilikuwa naitibu kwa soda. Napata nafuu dakika kumi, baada ya saa mbili naanguka tena, nakunywa nyingine. Nilichofundishwa ni kuinua sukari kwa kitu kitamu kidogo tu, kisha papo hapo kula chenye protini ili isishuke tena. Baadaye nikapewa akabosi, dawa inayochelewesha kusagwa kwa wanga. Imenisaidia sana, ila gesi yake usiombe! Kwa hiyo, kwa huko kutetemeka kwako kwa alasiri, tafuta kipimo cha kidoleni, ujipime wakati unatetemeka, siyo asubuhi ukiwa mzima. Na wakitaka kukunywesha ile glukosi ya gramu 75 ya kupimia kisukari, wakumbushe kwanza kwamba ulifanyiwa baipasi, kwa sababu inaweza kukuangusha vibaya. Kuna vipimo vingine.

Kama kuharisha kwako hakufuati saa, gesi inanuka vibaya na tumbo linajaa hata hujala, uliza kuhusu bakteria kuzidi kwenye utumbo mwembamba. Kinyesi kikiwa cha mafuta mafuta, kinachoelea, kiseme hivyo hivyo bila aibu. Havitibiwi kwa dawa moja.

Kuhusu kula, utakuwa ulishaambiwa: protini kwanza, tafuna hadi iwe uji, maji usiyachanganye na chakula, subiri nusu saa. Mimi hilo la maji ndilo lililopunguza safari za chooni kuliko yote, na ndilo nililolidharau muda mrefu zaidi. Vidonge vya chuma na vya kalsiamu usivimeze pamoja, viachanishe saa mbili. Dawa za maumivu kama ibuprofeni, diklofenaki na jamaa zake achana nazo, na sigara pia, zinaleta kidonda pale kifuko kilipoungwa na utumbo.

Sasa sikiliza hili, hata kama mengine umeyaruka. Maumivu ya kukunja, yanayokuja na kuondoka, hasa baada ya kula, usiyaweke kwenye fungu la "ndivyo nilivyo". Uzito ukipungua, mianya inabaki kati ya mikunjo ya utumbo, na utumbo unaweza kupenya humo ukajisokota. Ni ngiri ya ndani, haionekani kwa nje, na inaweza kuja hata miaka mingi baadaye. Mimi ilinikuta mwaka wa nne. Mara mbili nilirudishwa nyumbani na dawa ya maumivu kwa kuwa damu ilikuwa safi. Mara ya tatu nilipofika mapokezi nilianza na neno baipasi kabla hata sijashika tumbo, wakamwita daktari mpasuaji, usiku ule ule nikapasuliwa. Picha ya CT inaweza kuwa safi na tatizo lipo, kwa hiyo maumivu yakiendelea omba mpasuaji akuone. Na ukitapika siku kadhaa mfululizo, kabla hawajakutundikia dripu ya glukosi waulize kuhusu vitamini B1. Ikiwa imekuishia, glukosi peke yake inaweza kukudhuru ubongo.

Daftari lianze leo, usisubiri miadi. Ya choo na ya kutetemeka yaandike kurasa tofauti, kila moja na dakika zake. Wiki ikiisha ziweke hapa tuzione.