Maswali Yenu: Teyyamu, Miungu Wavaao Taji Kaskazini mwa Kerala

SWALI: Nimeona picha za teyyamu kutoka India: mtu kapakwa uso mwekundu, na wazee wanamwinamia wakimweleza shida zao. Huyo ni mchezaji au amepandwa na mungu? Na hufikaje hapo?

JIBU: Teyyamu ni ibada ya ngoma ambamo mchezaji humvaa mungu. Kwa waumini wa Kannur na Kasaragod, wilaya za kaskazini mwa Kerala, akishavikwa taji ni mungu mwenyewe aliyesimama uani. Ila hapandwi ghafla. Kazi huanza siku kadhaa kabla, pale wenye kavu, yaani kichaka kitakatifu chenye madhabahu, wanapomkabidhi mchezaji tambuu na fedha. Akishapokea, miiko imemfunga: hali nyama, hanywi pombe, hamkaribii mkewe. Haki ya kumvaa mungu fulani mahali fulani hurithiwa, na walio nayo ni jamii kama Vannan, Malayan na Velan, ambazo mfumo wa matabaka uliziweka chini. Kwa hiyo mwenye shamba humwinamia mtu ambaye siku za kawaida hakumpa hata kiti. Hilo ndilo jambo zito kuliko rangi zote.

Siku yenyewe, mchezaji huimba kwanza totamu, utenzi wa maisha ya mungu huyo: alizaliwa wapi, aliuawa na nani, alifikaje kavu hiyo. Huwa amevaa mavazi mepesi tu. Miungu wengine hutanguliwa na velatamu, umbo lao dogo lisilo na taji kubwa. Wageni wengi hulala wakati huu wakingoja moto, na hukosa kiini chenyewe.

Kisha hulala chali chini, mchoraji akaupinda mgongo juu ya uso wake. Brashi ni uchelewa wa ukuti wa mnazi uliochongwa ncha. Nyeupe hutoka kwenye mchele uliosagwa, nyeusi kwenye masizi ya taa, njano kwenye manjano au madini yenye aseniki, na nyekundu kwenye zinjifuri, jiwe lenye zebaki. Rangi husagwa na mafuta ya nazi. Mafuta yakizidi, mstari hutambaa. Yakipungua, rangi hukauka na kupasuka mashavu yanapocheza. Madini hayo mawili ni sumu, kwa hiyo yasiingie machoni wala mdomoni. Kila mungu ana mchoro wake, na mzoefu humtambua kwa mistari iliyozunguka macho kabla hajaona vazi.

Taji, yaani mudi, huvaliwa mwishoni kabisa, mbele ya madhabahu. Fremu yake ni ya mianzi au mbao nyepesi. Mafundo lazima yakazwe na msaidizi anayeujua mwili wa mchezaji, kwani likilegea litayumba akizunguka, likibana sana atapata kizunguzungu. Halafu hupewa kioo kidogo cha mkononi. Anautazama uso ulio ndani yake, na hauoni kuwa wake. Ngoma za chenda huongeza kasi, matoazi yanafuata, mwili unatetemeka, na sauti inayotoka baada ya hapo ni ya mungu. Taji likivuliwa, mungu ameondoka.

SWALI: Wachezaji wanaojitupa kwenye makaa hawaungui?

JIBU: Huungua wakati mwingine. Katika umbo la mungu Vishnumoorthi liitwalo Ottakolam, kuni huwashwa mapema ili alfajiri libaki rundo la makaa. Mchezaji hujitupa humo mara nyingi, na wasaidizi humvuta papo hapo. Kinga yake ni marinda mazito ya makuti machanga: yana maji mengi, na mguso ni wa muda mfupi. Hatari huja makuti yakinyauka kwa kukatwa mapema mno, kuni zikiwa hazijaisha kutoa ndimi za moto, au msaidizi akichelewa. Mungu mwingine, Pottan, yeye hulala juu ya makaa, huku maneno yake yakiwaumbua wanaojiona safi kuliko wenzao.

SWALI: Wanawake huwavaa miungu?

JIBU: Karibu wote ni wanaume, hata kwa miungu wa kike. Ila teyyamu iitwayo Devakoothu, katika kavu ya Thekkumbad wilayani Kannur, huchezwa na mwanamke.

SWALI: Niende lini, na nifanyeje nikifika?

JIBU: Msimu hufunguliwa siku ya 10 ya mwezi wa Thulam wa kalenda ya Kimalayalam, yaani mwishoni mwa Oktoba, na hufungwa mvua za masika ya huko zikikaribia, mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni. Nje ya msimu nenda Parassinikkadavu, kando ya mto Valapattanam, ambako mungu Muthappan huchezwa mwaka mzima. Huyu hupokea tembo, yaani pombe ya mnazi, na samaki mkavu, na mbwa huheshimiwa hekaluni kwake.

Vua viatu. Usikatize kati ya mungu na madhabahu, usiwashe taa ya kamera usoni mwake, na omba ruhusa kabla ya kupiga picha chumba cha kupakia rangi. Ukitaka kusema naye, panga foleni na noti ndogo mkononi. Atakushika mkono, atakusikiliza, kisha atakupa unga wa manjano au punje za mchele. Pokea kwa mkono wa kulia.