Modemu inalia halafu inakata: anza na laini, Windows iache kwanza

SWALI: Habari fundi. Nimeachiwa kompyuta ya zamani yenye Windows 98 pamoja na modemu ya nje, ile ya kisanduku chenye taa, inachomekwa nyuma kwenye poti ya pini 9. Namba ya kupiga, jina na paswedi nimepewa na kampuni ya intaneti. Sasa nikibonyeza kuunganisha mara inasema hakuna mlio wa laini, mara inapiga vizuri, inalia ule mlio wake mrefu afu inakata. Windows nimeshaipiga upya na bado hali ni ileile. Naomba unielekeze tangu mwanzo maana sijui hata nianzie wapi.

JIBU: Ndugu yangu, Windows usiipige tena upya, iache kama ilivyo. Intaneti ya kupiga simu inapita hatua zilizopandana, chini kabisa ipo laini ya simu, juu yake modemu (inayogeuza data kuwa mlio wa kupita kwenye simu), juu yake poti ya kompyuta, ndo mwisho Windows na paswedi yako, na uzuri ni kwamba kila hatua unaweza kuijaribu peke yake kabla hujagusa inayofuata. Wengi wanaanzia juu, wanabadilisha mipangilio siku nzima kumbe waya ndo mbovu.

Kwahiyo kwanza chukua simu ya mezani ya kawaida, ichomeke kwenye soketi ileile kwa waya uleule utakaotumia kwa modemu, inua, sikiliza. Mlio ukiwa safi endelea, ila ukisikia mikwaruzo au redio inaimba kwa mbali usiende popote, tafuta ubovu hapo hapo, maana mikwaruzo ambayo wewe unaongea nayo bila shida modemu haiwezi. Angalia pia nyuma ya modemu, matundu ya simu yako mawili, moja limeandikwa LINE jingine PHONE, na waya wa ukutani lazima uingie LINE, ule ujumbe wako wa kukosa mlio mara nyingi unatoka hapa tu. Na tafadhali sana, usichomeke modemu kwenye soketi za simu za ofisini zinazotumia mfumo wa kidijitali, soketi zinafanana kabisa ila umeme wake ni mwingine na modemu inaweza kuungua. Radi nayo hivyohivyo, mawingu yakifunga chomoa waya wa simu, kuzima kompyuta peke yake hakutoshi.

Laini ikiwa nzima sasa ongea na modemu yenyewe. Kwenye Windows 98 ipo programu inaitwa HyperTerminal, ifungue, chagua poti yako (COM1 au COM2), andika AT alafu bonyeza Enter. Modemu nzima inakujibu OK. Yaani hilo neno moja limekuthibitishia waya, poti na modemu kwa mpigo, bila namba wala paswedi, mimi siruhusu mtu aendelee mbele kabla hajaliona. Ukiona kimya angalia umeme wa modemu, angalia waya wa poti, afu angalia kama kuna kifaa kingine kimekaa kwenye njia hiyo. Hapa pana mtego wa mashine za zamani, COM1 na COM3 kwa kawaida zinatumia IRQ 4 zote mbili (IRQ ni njia ya kifaa kumuita prosesa), COM2 na COM4 zinatumia IRQ 3, kwahiyo mausi ya poti ya pini 9 ikiwa COM1 na modemu ya ndani ikapangwa COM3 zitagombana, mausi inaganda kila unapopiga simu. Dawa ni kuhamisha modemu iende COM2 au COM4. Ushukuru pia kwamba yako ni ya nje, hizo hazihitaji draiva ya maana, wakati zile kadi za ndani za bei rahisi kazi yote zinamtupia prosesa, bila draiva yake halisi ni bati tu.

Ukishapata OK andika AT&F, inarudisha mipangilio ya kiwandani na kufuta makorokoro aliyoacha mwenye mashine wa kwanza. Kisha andika ATDT ukifuatisha namba ya kampuni. Tega sikio. Utasikia inapiga, upande wa pili unapokea kwa mlio mmoja mnyoofu wa 2100 Hz, kazi yake ni kuzima vifaa vya kuzuia mwangwi kwenye laini, alafu ndo zinaanza kupigizana kelele zikipima laini na kukubaliana kasi. Ikikata kabla ya mlio mnyoofu tatizo ni namba au upande wa kampuni. Ikikata katikati ya makelele, kama yako inavyofanya, hapo zimeshindwa kuelewana na karibu siku zote laini ndo chafu kuliko kasi wanayoilazimisha. Ondoa simu nyingine zote za nyumbani kwenye laini hiyo, tumia waya mfupi, alafu punguza kasi, modemu nyingi zinaelewa AT+MS=V34, yaani isahau V.90, kiwango cha kasi chenye bps (biti kwa sekunde) 56,000, ishuke kwenye V.34 ambayo kikomo chake ni 33,600. Bora 28,800 inayokaa kuliko 50,000 inayokata kila baada ya dakika mbili. Na kama mlio wa laini yako ni wa kukatakata au unapitia ubao wa simu (swichibodi), ATX3 inaiambia modemu isisubiri mlio, na alama ya mkato (,) kwenye namba ni kupumzika sekunde 2, kwahiyo anayetokea nje kwa 9 anaandika 9 na mkato kisha namba.

Windows sasa ni kazi ndogo. Fungua My Computer, ingia Dial-Up Networking, tengeneza muunganisho mpya, weka namba, amri uliyoona inakusaidia iandike kwenye mipangilio ya ziada ya modemu. Kasi ya poti weka 115200, usiogope hiyo namba, ni kasi kati ya kompyuta na modemu, siyo ya laini. Kwenye aina ya seva chagua PPP, bakiza TCP/IP peke yake, NetBEUI na IPX/SPX toa tiki, na ile ya kuingia kwenye mtandao wa ofisi toa pia, utaona inavyoingia haraka. Kushea mafaili zima.

Ikigoma soma namba ya kosa, inasema kweli: 680 hakuna mlio, 676 laini iko bize, 678 upande wa pili haujibu, 691 jina au paswedi si sahihi. Ukiona 691 furahi, hatua zote za chini zimepita. Na ukishaingia vizuri, kama huwa unakatika simu nyingine inapoingia, omba huduma ya simu kusubiri izimwe kwenye laini hiyo.

SWALI: Fundi mimi kampuni ya kupigia sina kabisa, za kwetu zote zimefunga. Na simu yangu ya mezani siku hizi inapitia kwenye ruta ya intaneti. Naweza kuitumia modemu yangu kwa namna yoyote?

JIBU: Unaweza, na kwa wapenzi wa mashine hizi ndo njia iliyobaki, hata AOL wamezima huduma yao ya kupiga simu tarehe 30 Septemba 2025 baada ya zaidi ya miaka 30. Jitengenezee kampuni yako nyumbani. Tafuta adapta ya simu za intaneti yenye matundu mawili ya simu, moja kompyuta ya zamani, jingine modemu ya USB iliyochomekwa kwenye kompyuta ya Linux yenye programu za mgetty na pppd, hiyo inapokea simu na kuigawia ya zamani intaneti. Adapta inakupa mlio na inapiga kengele kama laini ya kweli. Siri iko kwenye sauti, lazima uchague kodeki (namna ya kugeuza sauti kuwa data) G.711, zile zinazobana sauti zinabakiza maneno ya mtu na kuharibu mlio wa modemu, alafu zima kuzuia mwangwi na kukata ukimya. Usitegemee 56,000 hata siku moja, kasi ile inahitaji upande wa kampuni uwe umeungwa kidijitali moja kwa moja, modemu mbili za kawaida zikipigiana mwisho wao 33,600.

SWALI: Nimeunganishwa kwa 45,000, taa zinawaka, ila karibu kila tovuti inakataa kufunguka. Modemu yangu ina kasoro?

JIBU: Hapana, modemu yako imemaliza kazi yake. Fungua dirisha la MS-DOS uandike ping 8.8.8.8 (seva ya Google), ikijibu laini ni nzima, kisha ping jina la tovuti yoyote, likishindwa hilo ni DNS (seva zinazogeuza jina la tovuti kuwa namba), ziandike mwenyewe kwenye mipangilio ya TCP/IP. Vyote vikijibu basi shida ni brauza. Seva nyingi za leo zinataka TLS 1.2 (lugha ya kuficha mawasiliano ya tovuti), ya mwaka 2008, na brauza iliyokuja na Windows 98 ilitengenezwa kama miaka kumi kabla yake. Rekebisha saa ya kompyuta kwanza, betri ya ubaoni ikifa saa inarudi nyuma na vyeti vyote vya usalama vya tovuti vinakataliwa. Ikibaki hivyohivyo weka proksi kwenye kompyuta mpya, yenyewe iongee TLS na dunia halafu ikupe wewe kurasa za http za kawaida, na zima picha kwenye brauza, maana kwa 45,000 MB 1 inakula kama dakika 3 na picha moja ya simu ya MB 4 ni kama dakika 12.