Kabla ya Cheo Ulikuwa Nani?

Dada mmoja anayefanya kazi ya forodha Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo yetu na Zambia, ameniandikia hivi, akiniita yaya, yaani dada mkubwa: “Yaya, nimepata cheo nilichomwomba Mungu kwa miaka mingi, lakini mume wangu aliponiuliza siku hizi napenda nini, nilikosa la kumjibu.” Nimeusoma ujumbe wake mara kadhaa, kwa sababu maneno hayo ningaliweza kuyaandika mimi nilipokuwa mkuu wa usafirishaji katika kampuni moja hapa Lubumbashi.

Asiyeijua kazi yetu hudhani ni kujaza karatasi tu. Lori la shaba linatoka Kolwezi, linapita Likasi na Lubumbashi, linashuka hadi mpakani, kisha linaingia Zambia kuelekea Dar es Salaam au Durban, na katika safari hiyo yote kila mzigo una hati zake za forodha, za ukaguzi na za uzito. Tarakimu moja ikitofautiana kati ya hati mbili, lori linasimama, dereva anadai fedha ya chakula, mwenye mzigo anahesabu hasara, na wote wanampigia simu mtu mmoja. Mtu huyo nilikuwa mimi.

Tena saa za dunia hazituhurumii. Dar es Salaam iko mbele yetu kwa saa moja na Shanghai kwa saa sita, ilhali Kinshasa iko nyuma kwa saa moja. Maana yake ni kwamba saa nane za usiku, Lubumbashi ikiwa imelala, mnunuzi wa Shanghai ameshafika ofisini saa mbili asubuhi na anataka kujua shaba yake iko wapi. Na jioni, sisi tukiwa tunafunga milango saa kumi na moja, wakubwa wa Kinshasa bado wana saa nzima ya kuomba ripoti. Siku yangu ilivutwa huku na huku mpaka haikubaki na mwanzo wala mwisho, nami nilijivunia jambo hilo, kwa kuwa niliamini kwamba mtu anayetafutwa usiku na mchana ni mtu wa maana.

Mtaani watu waliacha kuniita kwa jina la mtoto wangu wa kwanza, kama ilivyo desturi yetu, wakaniita Mama Kasumbalesa. Zamani nilikuwa mwalimu wa sauti ya pili katika kwaya ya parokia yetu, Kamalondo. Hakuna aliyenifukuza, mazoezi ya Jumamosi yalinipita moja baada ya jingine hadi wakaacha kuniulizia. Kisha tukapata kilio katika ukoo. Kwaya ikaimba wimbo ambao mimi mwenyewe niliwafundisha, nami nikasimama kati ya akina mama, mdomo wazi, nikiitafuta sauti yangu bila kuipata. Niliulilia wimbo ule kuliko nilivyomlilia marehemu, na nasema hivyo kwa heshima yake yote.

Sisi wa Lubumbashi hatupaswi kufundishwa hatari hii na wageni. Wazazi wetu waliishi katika mji ambamo kampuni ya madini ilimpa mfanyakazi nyumba, posho ya unga, shule ya watoto na hospitali, hata mtu akiulizwa yeye ni nani alitaja kwanza kazi yake. Mwaka 2003 ulipoanza mpango wa kuondoka kwa hiari katika Gécamines, ndiyo kampuni hiyo ya madini, mpango uliogharamiwa na Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliiaga kazi hiyo. Katika mtaa wetu niliona tofauti kubwa: aliyekuwa pia katekista, fundi wa baiskeli au mwalimu wa kwaya aliamka kesho yake akiwa na mahali pa kwenda na watu wa kumngoja, lakini aliyekuwa na kazi peke yake alikaa barazani akiwa amevaa viatu vya kazini.

Kwa hiyo nilikwenda kwa mkubwa wangu nikamwomba tugawane simu ya usiku watu watatu, kwa zamu. Alinijibu kwamba kazi hii haiwafai wachovu, na cheo kilichofuata kikapewa kijana niliyemfundisha mimi kusoma hati ya forodha. Jambo hilo linaniuma hadi leo. Miezi iliyofuata haina la kusimulia. Niliondoka, nikafungua ofisi yangu ndogo, na leo malori ninayoyahudumia yanavuka kama ya wengine, nami Jumamosi jioni niko Kamalondo nikifundisha sauti ya pili.

Nawasihi, dada na kaka zangu mnaopanda ngazi: msingoje kustaafu ndipo mjitafute. Sheria ya Kazi ya nchi yetu ya mwaka 2002 iliweka saa 45 kwa wiki, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani pamoja na Shirika la Kazi Duniani yalionyesha kwamba anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kupata kiharusi inayozidi kwa asilimia 35 ile ya anayefanya saa 35 hadi 40. Chagua jambo moja lisilo la kampuni, lipe siku yake, waambie nyumbani na kazini kwamba siku hiyo ina mwenyewe. Lilinde hata wakikucheka.

Wewe uliyeniandikia, anza na daftari. Katika ofisi yangu, anayemaliza zamu huandika kila lori lilipo, karatasi gani imekosekana na nani wa kupigiwa simu mpakani, kisha huzima simu yake mbele ya mwenzake. Liandike daftari hilo hata kama mkubwa wako hajakubali zamu yoyote, kwa maana mkubwa anayekataa kwa maneno huweza kukubali akiona malori yamevuka bila wewe kuamshwa. Na akikataa hata hapo, daftari ni kazi ya mkono wako. Utaondoka nalo kichwani, kama nilivyoondoka nalo mimi.