Kando ya Mto Loire kwa Baiskeli: Mmeuliza, Najibu

Niliwahi kugusia hapa safari yangu ya baiskeli kutoka Orléans hadi Saumur, katikati ya Ufaransa, kama kilomita 210 za kufuata mto Loire. Nilidhani ni habari ya kupitisha muda tu. Kumbe nimechokoza nyuki. Nimechagua maswali sita.

Nina miaka 63, mwalimu mstaafu, Moshi. Baiskeli yangu ya mwisho ilikuwa Phoenix. Mwanangu anaishi Ufaransa na anataka twende pamoja. Nitaiweza milima ya huko?

Shikamoo mwalimu. Aliyewahi kupandisha Phoenix Kibosho hana la kuogopa Loire. Njia yenyewe, iitwayo La Loire à Vélo, ina urefu wa takribani kilomita 900, kuanzia karibu na Nevers hadi bahari ya Atlantiki, na kwa kuwa inafuata mto, ni tambarare karibu yote. Sehemu nyingi utapita juu ya matuta yaliyojengwa tangu enzi za kati kuzuia mafuriko: kulia maji, kushoto mashamba na paa za nyumba ziko chini yako. Kilima utakikuta pale tu unapoacha mto kwenda kuona kijiji au ngome iliyojengwa juu ya jabali, na hapo hakuna aibu kushuka na kukokota.

Adui yako ni upepo. Mara nyingi unatoka magharibi, yaani baharini. Mimi nilianzia Orléans nikielekea magharibi kwa sababu ndiko mto unakoteremkia, nikajiona mjanja. Mteremko wenyewe miguu haikuuhisi, ila upepo niliula kifuani siku nne. Nyinyi anzieni Saumur, mrudi mashariki. Kilomita 35 hadi 40 kwa siku zinatosha, na baiskeli za betri za kukodi zipo. Wazee wa Kifaransa walinipita nazo wakinisalimia kwa upole ulioniumiza kuliko kama wangenicheka.

Tuna siku tano. Mume wangu anasema ukishaona makasri mawili ya wafalme umeyaona yote. Tuchague yapi? (Nairobi)

Mumeo hajakosea sana, dada. Kosa la wageni wengi ni kutaka makasri matatu kwa siku. Jioni hawakumbuki kitanda kipi kilikuwa cha mfalme yupi. Ingieni moja tu kwa siku, mengine myaone kwa nje mkipita.

La kwanza liwe Chenonceau. Haliko kwenye Loire bali juu ya mto Cher, mwendo wa kama kilomita 15 kutoka Amboise kwa kukatiza msitu. Mwaka 1547 mfalme Henri wa Pili alimpa hawara yake, Diane de Poitiers, kasri hili. Diane akajenga daraja kutoka kasrini hadi ng'ambo. Mke wa ndoa, Catherine de Médicis, akavumilia. Mwaka 1559 mfalme akafa kwa jeraha la mkuki alilolipata michezoni, na Catherine hakuchelewa: alimtoa Diane, akampa kasri la Chaumont kama badala, kisha juu ya daraja la mwenzake akajenga ukumbi wa urefu wa mita 60. Hadi leo kuna bustani mbili, ya Diane na ya Catherine, kila moja na upande wake kama nyumba za wake wenza wasioombana chumvi.

Ukumbi huo ulikuwa hospitali ya majeruhi katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Katika Vita vya Pili, mto Cher ukawa mpaka: mlango mkuu wa kasri ulikuwa upande uliotekwa na Wajerumani, na mlango wa mwisho wa ukumbi ulifungukia upande ambao hawakuwa wameufikia. Kuna watu walioponea kwa kutembea mita hizo 60. Nilisimama katikati ya ukumbi ule kwa muda mrefu kuliko nilivyosimama mbele ya picha yoyote.

La pili ni Chambord, ambalo François wa Kwanza alianza kulijenga mwaka 1519. Vyumba zaidi ya 400, msitu uliozungushiwa ukuta wa kilomita 32, na mfalme mwenyewe, ukijumlisha siku zake zote, alikaa humo kama siku 72 tu. Ingieni kwa ajili ya ngazi: ni mbili zinazosokotana, anayepanda na anayeshuka wanaonana madirishani lakini hawapishani. Kilichobaki ni baridi na kuta. Zungukeni nje na baiskeli, kunapendeza zaidi.

Amboise mtalala tu, ila kabla ya kuondoka piteni kaburini kwa Leonardo da Vinci, aliyefariki katika mji huo tarehe 2 Mei 1519.

Tuko London na watoto wa miaka 8 na 11. Ni salama?

Kwa watoto sijui njia ndefu bora kuliko hii, lakini si yote isiyo na magari. Vipande vingi ni barabara ndogo za vijijini mnazotumia pamoja na magari na matrekta. Sheria inamtaka dereva akupite kwa umbali wa mita 1.5 nje ya mji, na wengi niliokutana nao waliifuata. Watoto wote chini ya miaka 12 ni lazima wavae helmeti. Vipokea sauti masikioni ni marufuku kwa kila anayeendesha, hata wewe baba. Usiku nje ya mji, kizibao chenye kung'aa ni lazima.

Mambo mawili yatawasumbua ninyi mliozoea kupita kushoto. Kwanza, huko ni kulia, na asubuhi ya kwanza kila mtu husahau kwenye mzunguko. Pili, pasipo alama, gari linalotoka kulia kwako lina haki ya kupita kwanza, hata likitokea kwenye kijinjia kinachofanana na uchochoro wa kuingia kwa mtu. Wafundisheni watoto kupunguza mwendo kila wanapoona njia upande wa kulia.

Mimi ni Mwislamu, naishi Muscat. Vijijini nitakula nini, na swala je?

Bucha za halali na misikiti utavipata miji mikubwa kama Orléans na Tours, siyo vijijini. Huko utaishi kwa mkate, mayai, matunda na jibini. Ya mbuzi ya Sainte-Maure, ndefu kama bomba na yenye unyasi uliopenyezwa katikati, niliila kila mchana bila kuchoka. Ukiona rillettes, nyama ya kupaka kwenye mkate, aghalabu ni nguruwe.

Linaloshinda wageni wengi ni saa, kuliko hata halali. Duka la kijiji hufungwa mchana, hufungwa Jumapili alasiri, na mara nyingi Jumatatu nzima. Nunua asubuhi. Maji jaza makaburini: makaburi mengi ya vijiji yana bomba la kumwagilia maua, na waendesha baiskeli wote wanalijua. Likiandikwa *eau non potable*, usinywe.

Kuhusu swala, kando ya mto hukosi nyasi safi na utulivu. Ila mwishoni mwa Juni jua huzama karibu saa nne usiku, kwa hiyo Isha itakukuta umeshalala au unasinzia. Septemba ni mwezi mzuri zaidi kwako, na joto la kiangazi huwa limepungua.

Nasoma Lyon, natokea Lubumbashi. Nipeleke baiskeli yangu kwa treni au nikodi? Na nikipata pancha?

Treni za mikoa, TER, hupakia baiskeli. Za kasi, TGV, nyingi hutaka uweke nafasi ya baiskeli mapema au uifungue vipande na kuitia kwenye begi. Wakati wa kiangazi kati ya Orléans na Nantes huwa na treni zenye behewa la baiskeli. Kama yako ni nzima, nenda nayo. Pa kulala tafuta kibandiko cha *Accueil Vélo*: maana yake wapo ndani ya kilomita tano kutoka njiani na wana pa kufungia baiskeli salama.

Pancha nilipata Jumapili, nje kidogo ya Blois. Huko hakuna fundi chini ya mwembe mwenye beseni la maji na solusheni. Tyubu ya akiba nilikuwa nayo, pampu nilikuwa nayo, ila pampu ilikuwa ya valvu nene na tyubu ilikuwa ya valvu nyembamba. Nilikokota kilomita sita. Bibi mmoja aliyekuwa akipalilia nyanya alinitazama, akaingia bandani, akatoka na pampu ya mumewe. Jaribu pampu yako nyumbani kabla ya kufunga mizigo.

Niliangalia mashindano ya dunia hapa Kigali 2025. Je, Tour de France hupita Loire?

Njia hubadilika kila mwaka, ila mara nyingine hupita. Julai 13 mwaka huohuo wa 2025, hatua ya tisa ilianzia Chinon kwenda Châteauroux, njia bapa kabisa, nayo ikaisha kwa mbio za kasi za wote pamoja. Tim Merlier akashinda. Ni barabara za aina iliyomfaa Biniam Girmay wa Eritrea, aliyeshinda hatua tatu na jezi ya kijani, ya anayeongoza kwa pointi, mwaka 2024.

Chinon yenyewe nenda. Ni huko Jeanne d'Arc, msichana wa kijijini aliyekuja kupigana mbele ya jeshi la Ufaransa, alikomwendea Charles wa Saba, mfalme wake, mwaka 1429, ngomeni juu ya mji. Kwa mtu aliyezoea mpando wa Kwa Mutwe hapo Kigali, kile kilima si kitu, lakini vichochoro vyake ni vya mawe na vinateleza mvua ikinyesha. Baiskeli ifungie chini mtoni, upande kwa miguu.