Julai Hutukuta Wakavu: Niliyojifunza Makato Yalipobadilika

Juma lililopita, mwanzoni mwa Julai 2025, nilipata ujumbe kutoka kwa dada mmoja wa Lamu, mwalimu wa shule ya kibinafsi, mama wa watoto wawili. Ameniruhusu niuweke hapa bila jina lake.

"Shikamoo dada. Mwezi wa pili mshahara wangu ulipungua, nikanyamaza. Sasa Julai imeingia na kila mtu anasema sheria mpya ya fedha imeanza. Mshahara ni ule ule tangu niajiriwe. Babake watoto hajui kitu. Nifanyeje? Na mchezo wetu wa kuchangiana kwa zamu, niendelee nao mwaka huu?"

Niliusoma nikiwa zamu ya usiku na nikaiweka simu kifudifudi juu ya meza. Miaka miwili iliyopita ningeuandika mimi ujumbe huo, mpaka na ile sentensi ya kwamba baba hajui kitu.

Mimi nafanya kazi ya mapokezi katika hoteli moja hapa Malindi, pwani ya Kenya. Mshahara wangu ni shilingi 40,000 kabla ya makato. Januari 2023 iliyofika mkononi ilikuwa 34,627, na juu ya pesa hiyo nilikuwa nimeijenga nyumba yangu yote. Kodi ya nyumba Maweni 8,000. Duka 10,000. Karo ya binti 6,000 kila mwezi ili muhula ukifika isinishtue. Mamangu 3,000. Bima ya elimu 2,500. Mchezo wa kina mama 2,000. Maji na stima 2,000. Nauli 1,000. Jumlisha, utapata 34,500. Zilikuwa zinabaki shilingi 127, na mimi nikijiona mwanamke hodari. Kitoweo cha kila siku kilikuwa cha mume wangu, ambaye anaendesha tuktuk ya mtu.

Februari mwaka huo makato ya NSSF, ile akiba ya uzeeni, yalitoka shilingi 200 yakaingia 1,080. Karatasi ya mshahara ilikuja kwa barua pepe kama kawaida, na kama kawaida sikuifungua. Nilikuwa naangalia ujumbe wa benki tu, nikiona imeingia thelathini na kitu, basi. Hapo ndipo nilipoanza kuteleza na sikujua.

Wasiokaa Pwani wanaweza wasielewe kitu kimoja. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza tarehe 1 Julai. Kwetu Julai ni kusi, msimu wa upepo mkali wa kusini. Wavuvi wa Shella wengi hawatoki, samaki ni ghali, wageni wameondoka tangu Pasaka, na hoteli nyingine zinafungwa kabisa mpaka msimu urudi. Mei na Juni 2023 sisi tulilipwa nusu mshahara. Kwa hivyo sheria mpya zilipoanza Julai hazikutukuta na akiba, zilitukuta na daftari la duka limejaa.

Na Julai ile haikuja na kitu kimoja. Ushuru wa nyumba za bei nafuu, asilimia 1.5 ya mshahara, kwangu ni shilingi 600. Mwajiri hakuukata Julai, akaja kuukata wa miezi miwili pamoja katika mshahara wa Agosti, 1,200. VAT ya mafuta, kodi ya ongezeko la thamani, nayo ikatoka asilimia 8 ikawa 16. Septemba petroli ikapita shilingi 200 kwa lita. Mume wangu alikuwa akitoa pesa ya tajiri wake mwenye tuktuk, akitoa ya mafuta, anarudi nyumbani na shilingi 700. Hapo akawa anarudi na 400, siku nyingine 300, na tajiri hakupunguza hata shilingi.

Mshahara wa Agosti nilipokea 32,811. Ukitoa kwenye ile ya Januari ni pungufu ya shilingi 1,816. Wako watakaosema hiyo si pesa ya kumvunja mtu. Hainivunji kama naijua. Mimi sikuijua, nikaendelea kutumia 34,500 ambazo hazipo, juu ya deni la miezi miwili ya nusu mshahara, na mume wangu analeta nusu ya alichokuwa akileta. Nikakopa kwa simu 5,000. Ilipofika siku ya kulipa nikakopa kwingine kulipa pale. Mume wangu sikumwambia. Nilimwona anavyorudi usiku amechoka, nikasema nitalimaliza mwenyewe.

Agosti sikupeleka mchezo. Septemba sikupeleka. Tulikuwa wanawake 12, na zamu yangu ilikuwa Novemba. Mweka hazina wetu hakunipigia simu. Aliandika kwenye kundi, mbele ya wote, kwamba "wengine wapewe nafasi wapumue", na jioni ile ile nikaondolewa. Wiki iliyofuata tulikutana kwenye harusi, wakasogea wakaacha nafasi ya mkeka baina yangu na wao. Mmoja wao nilimlea mwanawe miezi mitatu alipokuwa mgonjwa. Desemba walinirudishia pesa zangu za miezi saba, 14,000, zikaingia kwenye simu bila salamu. Naandika haya leo na bado yananiuma.

Kilichofungua mambo ni binti. Katikati ya muhula wa tatu alirudishwa nyumbani kwa karo. Mume wangu ndiye aliyemwona kwanza, kasimama stejini na sanduku lake. Akamleta nyumbani kwa tuktuk hiyo hiyo, akaniuliza mbele ya mtoto, "Si ulisema karo iko?" Sikuwa na la kumjibu.

Usiku ule nilimwambia yote. Mkopo, mkopo wa kulipia mkopo, mchezo, duka. Alinyamaza muda mrefu, kisha akachukua daftari la binti, akapasua karatasi ya katikati, akaniambia nifungue ile barua pepe ya mshahara. Ilikuwa mara ya kwanza kuisoma karatasi hiyo mstari kwa mstari, baada ya miaka yote ya kuajiriwa. Tulikaa mpaka saa saba. Sikuwahi kuona aibu kama ile, na sikuwahi kulala vizuri kama usiku ule.

Deni lilitusumbua mpaka katikati ya 2024. Sitasimulia yote, yalikuwa mambo ya kula mbaazi na kulipa.

Basi dada yangu wa Lamu, sikiliza. La kwanza, fungua karatasi ya mshahara. Usitazame ujumbe wa benki. Kama ulikatwa zaidi mwezi wa pili, tazama mstari wa NSSF. Makato ya NSSF hupanda kwa ngazi kila Februari tangu 2023. Mwaka 2024 kikomo cha mshahara unaokatwa kilikuwa 36,000, mwaka 2025 kikawa 72,000, kwa hivyo mwenye mshahara unaozidi 36,000 aliguswa. Mimi nilitoka 2,160 nikaja 2,400. Na kikomo cha Februari 2026 ni 108,000, ujue kama kinakuhusu.

Andika yako kama nilivyoiandika yangu ya 2025: NSSF 2,400. SHIF, bima ya afya, asilimia 2.75, ni 1,100, iliyochukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024. Ushuru wa nyumba 600. PAYE, yaani kodi ya mshahara, 3,153. Mkononi 32,747. Ukilinganisha na Januari 2023, nimepoteza 1,880 kila mwezi na mshahara haujasonga. Lakini tazama PAYE: zamani ilikuwa 4,173. Imeshuka kwa sababu NSSF iliyoongezeka hutolewa kabla ya kodi, na tangu mwisho wa Desemba 2024 SHIF na ushuru wa nyumba navyo vinatolewa kwanza, kisha ndipo kodi inapigwa kwenye kinachobaki. Kama PAYE yako haikushuka Januari 2025, nenda kwa mhasibu wa shule na karatasi mkononi, umuulize kwa adabu. Si kugombana. Ni haki yako kujua.

Bajeti iandike upya mwezi ule ule karatasi inapobadilika. Usingoje mwezi ujao. Mimi nilingoja miezi saba.

Ushuru ukipungua pia usiukimbilie. Januari 2024 mahakama ilisimamisha ukataji wa ushuru wa nyumba, nikaona 600 zangu zimerudi, nikaongeza matumizi ya duka. Machi ikapitishwa sheria nyingine na makato yakarudi. Nilikuwa nimeshazizoea. Pesa ya namna hiyo iweke kando mpaka uone miezi mitatu imepita imetulia.

Na jambo hili limenichoma. Ile bima ya elimu ya 2,500, niliyokuwa nikilipa tangu 2019, ina nafuu ya ushuru. Bima ya elimu ya muda wa miaka 10 au zaidi inakupa nafuu ya asilimia 15 ya unacholipa, kisizidi 5,000 kwa mwezi. Kwangu ni shilingi 375 kila mwezi, 4,500 kwa mwaka, na sikuwahi kuidai hata mara moja. Hakuna aliyeniambia, nami sikuuliza. Sheria ya Fedha ya 2025, iliyotiwa saini tarehe 26 Juni, inamtaka mwajiri atoe nafuu zote mfanyakazi anazostahili wakati wa kupiga hesabu ya PAYE. Jumatatu nilipeleka cheti changu cha bima kwenye ofisi ya hesabu, nikasimama pale mpaka kikapokewa. Kama una bima, chukua cheti, kipeleke. Usiseme utakipeleka kesho.

Ritani ya kodi, mwisho wake ni tarehe 30 Juni, imeshapita. Kama hukuwasilisha, wasilisha sasa, adhabu ni shilingi 2,000 au asilimia 5 ya ushuru unaodaiwa, ipi iliyo kubwa. Muulize na mumeo. Wangu alikuwa na PIN, nambari ya mlipa kodi, aliyoichukua zamani kwa ajili ya shughuli moja tu, akaisahau, kumbe hata asiye na mapato ya kutozwa anatakiwa kuwasilisha ritani ya sufuri maadamu PIN iko hai. Tulikuta ritani na adhabu zimelimbikizana. Kijana wa saiba, duka la kompyuta, anakufanyia kwa pesa kidogo, lakini kaa pembeni yake uone anachojaza. Neno la siri lisibaki kwake.

Sasa kuhusu kusi. Hili ndilo ningependa kila nyumba ya Malindi na Lamu ilisikie, maana waandishi wa Nairobi wanaoandika juu ya bajeti hawalijui. Mwaka wetu sisi hauanzi Januari. Pesa yetu inaingia na kaskazi, upepo wa kaskazini, Novemba mpaka Machi, na inakatika masika. Mimi tangu Desemba 2023 bakshishi zote za msimu siziguzi. Zinaingia Sacco, na juu yake naongeza 1,500 kutoka mshahara wa Desemba, Januari, Februari na Machi. Hiyo inaitwa pesa ya Julai, ndivyo mume wangu alivyoiandika kwenye lile daftari. Mwaka huu Mei na Juni tumelipwa nusu tena, na duka halina deni langu. Karo ya muhula wa pili ililipwa siku ya kufungua shule. Najivunia hilo na sioni haya kulisema.

Mumeo mwambie. Mwambie usiku watoto wakilala, na karatasi iwe mbele yenu, ili mzungumzie nambari na msizungumziane. Usikae na jambo hili peke yako hata wiki moja zaidi. Mwanamke anayeficha upungufu anadhani anailinda nyumba. Nami nilidhani hivyo.

Umeniuliza pia, mwisho wa ujumbe wako, kama uendelee na mchezo mwaka huu. Kama unaweza kuutoa kwenye hesabu mpya, si ile ya zamani, endelea. Kama huwezi, waambie kabla ya siku ya kutoa na uombe kupumzika, watu wazuri watakuelewa. Wale wangu walinitumia salamu Januari, kwamba nafasi yangu ipo nikitaka kurudi. Nimeusoma ujumbe wao mara nyingi. Bado sijawajibu.