Muvi nilizonunua zimepotea, sasa ninunue tena ama niendelee kulipa kila mwezi?

Barua tatu leo, zote za muvi. Ya kwanza ndiyo iliyonikaa moyoni kwa hivo nitaijibu kwa urefu, zile mbili nitazipitia haraka.

Salaam aleikum Ami. Mimi ni mama wa watoto watatu, nakaa Bombolulu. Nilifanya kazi Dubai miaka kadhaa na nikiwa kule nilikuwa nawanunulia wanangu muvi kwa akaunti yangu, si kukodi, kununua kabisa kwa bei kamili, manake nilijua nikirudi nyumbani tutazitazama pamoja. Nimerudi, nikabadilisha nchi kwa ile akaunti ili niweze kulipa kwa pesa za huku, na muvi karibu zote hazionekani tena. Pesa sikurudishiwa. Sasa nalipia huduma mbili za striming na mume wangu asema tuzikate zote tuwe twanunua muvi moja moja. Mimi nikikumbuka yaliyonipata naogopa. Na nyumbani hatuna fiber, twatumia bando za simu. Tufanye nini? Mama Watatu, Bombolulu.

Waaleikum salaam mwanangu, na pole sana, pesa ya jasho la ugenini ikipotea hivo yauma mara mbili.

Nianze na hizo zilizopotea kabla hujakata tamaa. Ikiwa bado una simu au tableti uliyokuwa ukitumia Dubai na muvi zilikuwa zimedaunlodiwa humo, usiifute na usiifanyie riseti, washa kwanza uone kama bado zacheza. Kisha tafuta risiti zote kwa email yako, uwaandikie huduma kwa wateja, ueleze umehama nchi na utaje kila muvi kwa jina na tarehe uliyolipa. Mara nyingi ununuzi wenyewe huwa bado uko kwa akaunti, ila umefichwa kwa sababu duka la nchi uliyohamia halina ruhusa ya kukuonyesha. Apple kwa mfano wao wenyewe huwaambia wateja wadaunlodi tena vitu vyao kabla ya kubadilisha nchi, kwa kuwa vyengine havitapatikana kule wanakokwenda, lakini nani husoma maelezo hayo akiwa yuko mbioni kufunga mizigo?

Sababu ya haya yote ni kwamba haki za muvi huuzwa nchi kwa nchi na kwa muda. Mwenye muvi aweza kumpa mtu mmoja haki ya Emirati, mwengine haki ya Kenya, na saa nyengine Kenya asimpe mtu yeyote. Kwa hivo ulipobonyeza kununua ulipewa ruhusa ya kutazama, na ruhusa hiyo imefungwa kwa akaunti, kwa nchi, kwa programu ya duka, na maadamu makubaliano ya duka na mwenye muvi bado yapo. Huwezi kumuuzia jirani ukishaichoka, huwezi kumwazima dadako kama unavyomwazima CD. Hata kurithisha ni shida, Apple wana utaratibu wa kumteua mtu atakayefungua akaunti yako ukifariki, lakini muvi, nyimbo na vitabu ulivyonunua havimo katika anavyopewa.

Na usifikiri ni wewe peke yako. Mwaka 2022 Sony waliwaambia wateja wa PlayStation wa Ujerumani na Austria kwamba muvi za kampuni ya Studiocanal walizokuwa wamenunua zitaondolewa kwa akaunti zao tarehe 31 Agosti, na Ujerumani peke yake zilikuwa zaidi ya 300. Mwaka uliofuata, Desemba 2023, wakatangaza hivo hivo kwa vipindi vya Discovery, watu wakapiga kelele, na kabla mwezi haujaisha wakarudi nyuma wakasema makubaliano mapya yamepatikana. Kabla ya hapo kulikuwa na UltraViolet, kabati la muvi la mtandaoni lililoungwa mkono na studio nyingi kubwa, likafungwa 31 Julai 2019 na aliyekuwa hajaunganisha akaunti yake na duka lililobaki alikuwa hatarini kupoteza alivyonunua. Microsoft nao waliacha kuuza muvi Julai 2025, ingawa waliokuwa wameshanunua waliachiwa waendelee kutazama. Mambo haya yalipozidi, California wakatunga sheria iliyoanza 1 Januari 2025 inayomtaka muuzaji wa bidhaa za dijitali amwambie mteja waziwazi kwamba anachopewa ni leseni. Ni jambo zuri na natamani huku kwetu nasi tufike hapo, mtu alipe akijua analipia nini.

Basi mumeo amekosea? Nusu. Manake striming nayo haina dhamana yoyote, na hapo ndipo wengi hujisahau. Mwaka 2023 Disney waliondoa kwa huduma yao wenyewe muvi waliyoitengeneza wenyewe, imetoka Mei na Juni haijaisha imeshatolewa, baadaye ndiyo wakaiuza dijitali. Fikiria mtoto ameipenda, kila siku aiuliza, na haipo popote. Hizi za wengine ndiyo kabisa, zinakuja kwa mkataba wa muda na mkataba ukiisha zinaenda, na wewe malipo yako ya mwezi hayapungui hata shilingi.

Sasa tuje kwa hesabu. Tuseme huduma moja yakutoa shilingi 700 kwa mwezi, hiyo ni 8,400 kwa mwaka, na mbili ni 16,800. Muvi mpya ya dijitali kwa maduka ya Marekani huwa dola 20 hadi 25, za zamani zikishushwa bei hufika dola 5. Kwa dola moja shilingi 130, muvi mpya ni 2,600 kwenda juu na ile ya bei ya kushushwa ni 650. Kwa hivo pesa ya huduma moja ya mwaka mzima yakupa muvi mpya tatu tu, ama kumi na mbili hivi za zamani ukiwa na subira ya kungoja bei ishuke. Nyumba ya watoto watatu muvi tatu haziwatoshi hata likizo moja ya Agosti. Ndiyo maana nasema kukata zote mbili si jawabu.

Lakini umesema mwatumia bando, na hapa ndipo naona mnapoteza zaidi kuliko kwa malipo ya mwezi yenyewe. Netflix wenyewe wanasema ukitazama kwa HD saa moja yaweza kula hadi GB 3, kwa kiwango cha kati ni GB 0.7, na cha chini kabisa ni GB 0.3. Sasa mtoto wa miaka minne hatazami muvi mara moja, muvi ile ile ataitaka leo, kesho, kesho kutwa, anaijua maneno yote na bado aitaka. Muvi ya saa moja na nusu kwa HD ni kama GB 4 na nusu, na kila akiirudia mnalipa data upya kwa kitu kile kile. Ukiidaunlodi mara moja, hata arudie mpaka mwaka uishe, data umelipa mara moja. Na stima ikipotea, jambo ambalo wakaazi wa kule kwenu mnalijua vizuri, simu yenye chaji bado itacheza bila intaneti.

Kwa hivo mimi ningefanya hivi mwanangu. Baki na huduma moja kwa wakati mmoja, si mbili. Miezi miwili mitatu hii, mkishamaliza mnayoyataka mnaikata na kufungua ile nyengine, hakuna mkataba wa kuwafunga na akaunti yenu huwa yawasubiri. Kisha chagueni muvi chache sana ambazo nyumba yenu huzirudia, mwazijua wenyewe, zile ambazo mtoto akiugua ndizo anazozitaka, na hizo ndizo za kununua. Na mkinunua, ikipatikana kwa diski nunueni diski. Diski haiulizi umehama nchi gani wala haingoji kampuni iendelee kuwa hai. Ila angalieni kitu kimoja, dividii zina namba za kanda, yaani eneo la dunia zilikokusudiwa kuchezwa, Kenya iko kanda ya 5, Emirati na Uingereza ni 2, Marekani ni 1, kwa hivo shoga yako akikuletea kutoka Dubai hakikisha deki yako yacheza kanda zote, muulize muuzaji kabla hujalipa na ikiwezekana aijaribu hapo hapo dukani.

Na ikiwa ni muvi ya mtengenezaji mdogo, wako wanaouza wenyewe moja kwa moja, kwa mfano kwa Vimeo, na baadhi yao wanakuruhusu udaunlodi faili lisilofungwa. Hilo ni lako kweli, unaliweka kwa hadidiski na laptopu na tivi yoyote. Mtu akikuuzia hivo mlipe kwa moyo mmoja, amekuamini na wewe. Kununua kwa akaunti peke yake, bila diski wala faili, kuiweke kwa ile muvi ambayo hata ikipotea baada ya miaka mitano utasema haya, tulishaifaidi.

Mwisho kwako, hiyo akaunti ya Kenya uliyo nayo sasa usiihamishe tena ovyo. Ukipata kazi nje, fungua nyengine ya kule.

Mambo Ami, mimi ni mwanafunzi wa Mtwapa, huenda Nairobi kwa treni mara kwa mara. Nadaunlodi muvi usiku kabla ya safari lakini saa nyengine nafika Voi naambiwa muda umeisha. Kwani si nimeshalipia? Na kuna jamaa Kongowea anajaza flashi nzima kwa pesa kidogo tu, kwa nini nisiende kwake tu? Kijana wa Treni.

Poa kijana. Kudaunlodi kwa striming si kuhifadhi, ni kukopeshwa. Baadhi ya muvi ukishabonyeza play zinakupa saa 48 tu, na hata ambazo hujazifungua zina tarehe yake ya mwisho. Kosa ambalo wengi hufanya ni kuifungua usiku kuangalia kama imeshuka vizuri, na saa ndipo inapoanza kuhesabu. Usiifungue. Angalia tu ile alama ya kudaunlodi kwamba imekamilika, na asubuhi kabla hujatoka nyumbani washa programu ukiwa na intaneti ijisasishe, kisha ndiyo upande treni. Ukikodi kwa Apple ama kwa YouTube kawaida ni siku 30 za kuanza kutazama na saa 48 ukishaanza, kwa safari ya saa tano sita hiyo yakutosha kabisa.

Kuhusu jamaa wa flashi ntakuambia vile naona, hata kama hutapenda. Muvi hizo si zake, na sheria ya hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 haimruhusu kuziuza. Na usiwaze kampuni za Hollywood peke yake. Kuna vijana wa hapa hapa Pwani wanaoshuti filamu za Kiswahili kwa pesa za kukopa, siku mbili baada ya kutoka iko kwa flashi ya kila mtu na wao hawajaona hata nauli. Hao ndio ninaowafikiria nikikwambia usiende.

Assalamu alaykum. Nina dividii nyingi za Kihindi tangu zamani na kanda za VHS za harusi za watoto wangu. Wajukuu waniambia nizitupe kila kitu kiko kwa intaneti sasa. Wasema kweli? Mzee wa Kibokoni.

Waalaykum salaam mzee wangu. Si kweli, usitupe kitu.

Za harusi ndizo za haraka, manake hizo hazipo kwa intaneti wala kwa duka lolote duniani, nakala ni hiyo uliyo nayo. Kampuni ya mwisho iliyokuwa ikitengeneza deki za VHS, Funai ya Japani, iliacha Julai 2016, kwa hivo kila mwaka deki nzima zinapungua. Na hewa yetu ya bahari yenye chumvi na unyevu yala utepe pole pole, ukiona ukungu mweupe kwa kando ya kanda usiitie kwa deki, mpe fundi aisafishe kwanza, la sivyo itakwama na kukatika.

Dividii nazo zina maradhi yao. Zile za Warner Bros. za mwaka 2006 hadi 2008, nyingi zilioza kwa ndani na kampuni yenyewe ikakiri. Kwa hivo zicheze moja moja uone zilizo nzima, zifute kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, si kwa kuzungusha, na uziweke zimesimama mahali pakavu mbali na dirisha. Filamu za zamani zisizojulikana sana zaweza kukosekana kwa kila huduma, na ukiwa nayo kwa diski wewe ndiye mwenye nayo.

Kwa kanda, uliza kwa wapiga picha za harusi wa zamani hapo mjini, baadhi yao bado wana deki na waya za kuhamishia. Mwambie akupe faili lenyewe kwa hadidiski, si CD peke yake, na utoe nakala mbili, moja ikae kwako na moja kwa mmoja wa watoto wako aliye nyumba nyengine. Fanya kabla masika hayajaanza.