Reli ya zamani ya Mombasa hadi Uganda: nani aliwahi kuimiliki?

Kuna anayedai RVR (Rift Valley Railways), kampuni binafsi iliyoendesha reli hii, waliinunua. Hapana ndugu, hawakuwahi kuinunua reli ile. Walikodishwa tu, na hapo ndipo watu wengi wanapochanganya.

Waingereza walianza kuijenga reli hiyo kutoka Mombasa mwaka 1896, wakafika Kisumu 1901. Mwaka 1948 iliunganishwa na reli za Tanganyika, likazaliwa shirika moja la reli na bandari la Afrika Mashariki. Ukitaka kuona enzi hizo kwa macho, nenda makumbusho ya reli Nairobi ukasimame kando ya garimoshi 5918, Mount Gelai: jitu la mvuke la tani 252, rangi ya damu ya mzee, lililokuwa likivuta mizigo kutoka pwani hadi bara. Mimi hukaa pale muda mrefu kila nikienda.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977, kila nchi ikachukua vipande vyake: vichwa vya treni, mabehewa, karakana. Kwa maoni yangu pigo kubwa lilikuwa hilo, kuliko hata ubinafsishaji.

RVR waliingia 2006 kwa mkataba wa miaka 25, mwanzoni wakiongozwa na kampuni ya Sheltam ya Afrika Kusini. Mwaka 2010 ikaingia kampuni ya Citadel ya Misri. Muda wote huo reli na ardhi vilibaki mali ya serikali za Kenya na Uganda. Kenya iliuvunja mkataba 2017, Uganda ikafuata, na njia ikarudi kwa mashirika ya umma.